Kabla Hujanunua Monita: Kijani cha Kocha na Watu 17 wa Uingereza

Leo naongea na mbogi ya kuchora kwa kompyuta: wale wa mabango, stika za mathree, jezi, kava za nyimbo, menyu za vibanda. Mwaka jana nilinunua monita iliyonifanya nipoteze kazi. Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzuri kuliko akili yangu ya wakati huo, na shida ilianzia hapo.

Iko hivi. Niliacha chuo mwaka wa pili, hiyo stori nishaisema hapa, sirudii. Nilikuwa nafanyia kazi kwa laptopu ya zamani kejani Kayole, na kila video niliyotazama ilikuwa inasema kitu kimoja: kama wewe ni mchoraji wa ukweli, tafuta monita ya gamuti pana. Gamuti ni ule upana wa rangi ambazo skrini inaweza kuonyesha. Pana ikimaanisha kijani kikali zaidi, nyekundu kali zaidi, feruzi ambayo laptopu yako haijawahi kuiota. Mathe akanikopea shilingi 20,000 kutoka kwa chama yake. Nikashuka tao, nikachukua ex-UK ya inchi 24 kwa 18,000, nikarudi nayo nikiwa nimeikumbatia kwa mathree kama mtoto mchanga.

Wiki iliyofuata kocha mmoja wa timu ya vijana mtaani akanipa kazi: jezi 60 na bango moja refu la mashindano. Rangi ya timu ni kijani. Nilipofungua ile kazi kwa monita mpya, kijani kilikuwa kinapiga kelele. Nikakipunguza. Kikaendelea kunguruma, nikakipunguza tena, mpaka kikatulia vizuri machoni pangu. Nikapeleka faili River Road. Jezi zilipotoka, kocha akazishika, akaniangalia, akasema, "Boss, mbona hii imefifia kama leso ya mwaka juzi?"

Nilienda kumgombanisha mzee wa mashine. Alinisikiza mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Kijana, mashine haina macho. Inachapa namba zile umeleta." Nilirudia kazi kwa hela yangu. Kwa hela ya mathe, kusema ukweli. Na kocha hakurudi.

Baadaye ndiyo nikajua kilichotokea. Kompyuta yangu haikuwa imeambiwa kwamba monita imebadilika. Ilikuwa bado inatuma namba za rangi ikidhani inaongea na skrini ya kawaida, na ile skrini pana ikazichukua namba zilezile na kuzivuta mpaka ukingo wa uwezo wake. Kijani cha kawaida kikaonekana kikali. Mimi nikakishusha kurekebisha kosa ambalo halikuwa kwa faili, lilikuwa kwa kioo changu tu. Kwa simu ya kocha na kwa karatasi, kikatoka kimekufa.

Swali lililobaki likinisumbua usiku ni hili: hiyo "kawaida" ni ya nani? Nani aliamua kijani cha kawaida ni kipi? Nikaanza kusoma, na sijaacha.

Geuza boksi la monita yoyote ghali na utaona mchoro wa rangi wenye umbo la ulimi, na ndani yake pembetatu. Ule ulimi ni wa mwaka wa 1931. Miaka ya 1920 Waingereza wawili, John Guild na W. David Wright, kila mmoja kivyake, waliketisha watu mbele ya chombo wakawaambia wachanganye mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu mpaka ulingane na rangi waliyoonyeshwa. Wright alikuwa na watu 10, Guild 7. Jumla 17. Kutoka kwa macho ya hao 17, tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ikatengeneza kipimo cha jicho la binadamu mzima duniani. Mwaka huo Kaloleni haikuwa imejengwa bado, na Nairobi Mwafrika alikuwa anatembea na kipande shingoni. Sisemi macho yetu ni tofauti na yao, hesabu yenyewe imeshikilia vizuri mpaka leo. Nasema tu kwamba kila ukisoma "asilimia 99" kwa boksi, unapimwa kwa rula iliyokatwa na watu ambao wangetosha siti za mathree moja na wachache wasimame.

Zile pembetatu za ndani ndizo zinaamua bei, na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ni ya runinga ya Marekani, kiwango cha NTSC cha 1953. Unadhani hiyo ni historia ya wazee? Angalia maelezo ya laptopu za bei ya chini pale Moi Avenue. Zinaandikwa "45% NTSC" mpaka leo. Hiyo inamaanisha upana wa zaidi kidogo ya asilimia 60 ya ile rangi ya kawaida ya intaneti, na ndiyo sababu nyekundu ya laptopu yako inaonekana kama tofali. Ukiona "72% NTSC", hapo ndipo unakaribia kawaida. Muuzaji akikwambia 72 ni gamuti pana, mpe shukrani na uendelee kutembea.

Huku kwetu rangi za skrini zilianzia mahali wengi hawadhani. Si Nairobi. Si Johannesburg pia, maana Afrika Kusini haikuwa na runinga kabisa mpaka 1976. Ilikuwa Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inatajwa kuwa runinga ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Bara, upande wa Dar, walikaa bila runinga yao mpaka miaka ya 1990. Sisi tulikuwa na runinga tangu 1962, lakini nyeusi na nyeupe, na kwa nyumba nyingi za Eastlands hiyo nyeusi na nyeupe ilikaa sana. Kwa shosho yangu kulikuwa na Great Wall ya inchi 14 ikiendeshwa na betri ya gari. Nilipoona Gor na AFC zikicheza mara ya kwanza nilikuwa natofautisha timu kwa ukali wa kijivu. Rangi nilikuwa nazijulia barabarani.

Na barabarani ndiko shule yangu ilikuwa. Mathree zilianza zikiwa za magendo, nauli senti thelathini, sarafu tatu za kumi, na jina likatoka hapo. 1973 Kenyatta akaziruhusu kubeba watu bila leseni ile ya kampuni kubwa, na kuanzia hapo ushindani ukawa wa macho. Wale mafundi wa kwanza walikuwa na gamuti yao, ila iliitwa duka la rangi. Kile kilikuwa kwenye mkebe ndicho kilikuwa kwenye gari. Edward Saidi Tingatinga kule Dar, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa anafanya vilevile: anachora kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya ubao, na ule ung'avu ambao watalii wanaupenda ulitoka kwa mkebe wa dukani.

Ukisimama steji ya 58 ukingoja ya Buruburu, ama 32 ya Dandora, miaka ya mwisho ya tisini, ungeona nyuso za wanamuziki zikiwa zimepigwa kwa spreyi kwa mkono, bila kompyuta. Halafu Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zikaanza kufanya kazi: mikanda, vidhibiti mwendo, na ule mstari wa njano unaozunguka gari. Michoro ikashushwa. Magari yakawa meupe kama ambulensi. Wazee wa spreyi wakakosa mkate, na wengine wakaingia kuchora kuta za maduka. Na hapo pia rangi ilikuwa ya mtu mwingine: duka lilelile la kona likapakwa rangi za Celtel 2004, likapakwa za Zain 2008, likapakwa nyekundu ya Airtel 2010, na kando yake kibanda cha M-Pesa kikawa kijani. Sisi watoto tulijua vivuli vya hizo kampuni kabla ya kujua majina ya rangi kwa Kiswahili.

Miaka kama kumi baada ya Michuki, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza michoro ya mathree iachwe iendelee. Lakini ilirudi ikiwa imebadilika. Mkono ulirudi, ndiyo, ila umerudi na kompyuta. Sasa uso wa mchezaji unachorwa kwa skrini, unachapwa kwa stika, unabandikwa. Hapo ndipo mimi na wewe tunaingia kwa hii historia. Yule mzee wa spreyi alikuwa anaona rangi yenyewe ikikauka mbele yake juani. Sisi tunaona picha ya rangi, na tunaomba Mungu ifanane.

Turudi kwa pembetatu. Mwaka wa 1996 HP na Microsoft walipendekeza kitu kinaitwa sRGB, na 1999 ikawa kiwango rasmi cha kimataifa. Walifanya nini? Walichukua zile skrini nene za kioo zilizokuwa maofisini, wakasema: hivi ndivyo dunia nzima itadhani skrini inaonekana, isipoambiwa vingine. Hiyo ndiyo "kawaida" iliyonimaliza mimi na kocha. Si kipimo cha uzuri, ni kipimo cha skrini ya ofisi ya mwaka wa 1996. Lakini kwa sababu kila mtu alikubaliana nayo, picha iliyotoka Kayole inaonekana karibu sawa kwa simu ya Mombasa na kwa kompyuta ya Toronto. Ni kama Kiswahili cha redioni: si cha mtaa wa mtu yeyote, na kila mtu anakielewa.

Pembetatu ya pili inaitwa Adobe RGB, na hii stori naipenda kupita zote. 1998, wakitengeneza Photoshop 5, wahandisi wa Adobe walikuwa wanatafuta pembetatu pana kidogo ya kuwasaidia watu wa uchapaji. Wakachukua namba kutoka kwa waraka wa viwango vya runinga, SMPTE 240M. Wakakosea mara mbili. Kwanza walinakili namba za kinadharia badala ya zile halisi za kiwango. Pili, namba ya nyekundu waliiandika vibaya. Programu ikatoka hivyo. Watu wa uchapaji wakaitumia wakaipenda, kwa sababu lile kosa lilikuwa limesogeza kijani mbali, mpaka pale wino wa sayani unapofika na sRGB haifiki. Adobe walipogundua wakajaribu kusahihisha, na kila wakisahihisha, uchapaji unakuwa mbaya zaidi. Mwishowe wakaacha kosa likae, wakabadilisha jina tu likawa Adobe RGB (1998). Leo watu wanalipa pesa ya kodi ya miezi mitatu kwa monita inayofikia asilimia 99 ya kosa la kuandika.

Lakini sikia, hilo kosa lina maana kwetu. Mashine ya kuchapa haitumii mwanga, inatumia wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kwa rangi nyingi wino ni mdogo kuliko skrini. Ile buluu ya umeme unayoipenda kwa laptopu ikifika kwa karatasi inageuka zambarau iliyochoka. Ila upande wa feruzi na kijani cha bahari, wino mzuri kwa karatasi nzuri unapita sRGB. Maana yake kuna rangi mashine ya River Road inaweza kukupa na skrini ya kawaida haiwezi kukuonyesha. Unaziacha mezani bila kujua zipo. Kama kazi yako ni uchapaji wa ubora wa juu, katalogi, picha za kuuza, hapo gamuti pana si mbwembwe.

Karatasi ya gazeti ni kesi nyingine kabisa, inakunywa wino kama ardhi ya Kitui. Wale mnaokumbuka Shujaaz ikianza 2010, ikija bure ndani ya Daily Nation, chunguzeni jinsi walivyochora: mistari minene myeusi, rangi bapa, tofauti kubwa kati ya mwanga na kivuli. Kwa karatasi ya gazeti hiyo inabeba picha hata rangi ikipungua. Walishinda tuzo ya Emmy ya kimataifa na hiyo karatasi. Nikiwaza pesa niliyotumia kufukuza kijani, naona aibu kidogo.

Pembetatu ya tatu, P3, ni ya sinema. Studio kubwa za Hollywood ziliungana 2002 na 2005 wakatoa maelezo ya jinsi filamu ya kidijitali itaonyeshwa, na rangi zake zina eneo kubwa kuliko sRGB kwa kama robo. Ingebaki huko kwa majumba ya sinema, ila Apple wakaiweka kwa iMac 2015 na kwa iPhone 7 mwaka uliofuata, na simu nyingi za bei ya juu zikafuata. Kwa hivyo leo dada wa saluni pale chini anaweza kuwa na simu inayoonyesha rangi nyingi kuliko laptopu iliyochora bango la saluni yake. Nimeshuhudia.

Sasa ununue nini? Maoni yangu, na mtanitukana kwa komenti, sawa. Kama kazi zako zinaishia kwa WhatsApp na Instagram, achana na gamuti pana kwanza. Tafuta paneli ya IPS inayofika asilimia 100 ya sRGB, hata kama ni ex-UK ya ofisi. Ukifanya hivyo unaona kile watu wengi wataona, na hela inayobaki lipia stima na bando. Kama unahariri video na wateja wako wako kwa simu mpya, P3. Adobe RGB ni ya mtu ambaye kazi yake inaguswa kwa mkono ikiisha.

Ukiamua kwenda upande huo, ex-UK kuna lulu. Dell U2410, ya mwaka wa 2009, inafika asilimia 96 ya Adobe RGB, na mdogo wake U2413 wa 2013 anafika 99. Huko Ulaya zilishatupwa na wapiga picha. Lakini zile za zamani kama U2410 zinatumia taa za mirija nyuma ya kioo, na mirija inazeeka: inafifia na kugeuka njano. Usikubali kuonyeshwa dakika mbili. Mwambie muuzaji aiwashe, nenda unywe chai nusu saa, urudi. Weka picha nyeupe skrini nzima, angalia pembe nne. Moja ikiwa kama chai ya maziwa na nyingine kama barafu, wacha. Na kabla ya yote ingia kwa menyu yake utafute mahali pa kuchagua sRGB. Ikiwa na hiyo, unaweza kuibana iwe ya kawaida siku za kazi za kawaida. Yangu ilikuwa nayo. Ilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, kitufe cha tatu kutoka kulia, wakati kocha ananiita boss.

Kitu ambacho zile video hazikuniambia ni kwamba gamuti pana bila kipimo ni hasara. Kuna vifaa vidogo vinavyowekwa juu ya kioo, Spyder na ndugu zake, vinasoma rangi na kuandikia kompyuta ripoti: hii monita ni hivi, itumie hivi. Programu ya DisplayCAL ni ya bure. Kifaa si cha bei rahisi, kwa hivyo sisi watano wa mtaani tulichanga, tunakizungusha kila mwezi kama pesa ya chama. Wa Umoja anakileta kwa wa Komarock, Komarock kwangu.

Halafu kuna chumba chenyewe. Ukuta wangu ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka nusu, mnajua hiyo staili ya landilodi, na nilikuwa naketi nao ukiwa mbele yangu. Jicho likikaa na kijani saa tano linakizoea, halikioni tena vizuri. Nimetundika shuka ya kijivu nyuma ya monita, na balbu ya njano nikaibadilisha na nyeupe. Shilingi mia tatu na kitu. Ilisaidia kuliko nilivyotaka kukubali.

Chama nilimaliza kuwalipa Machi. Mathe hakusema kitu, alihesabu tu.

Juzi nilipata kazi ya stika, mgongo wa nganya moja, bahari ya feruzi kutoka taa mpaka taa. Nilimpelekea yule mzee wa River Road faili, lakini safari hii nikamwomba anikatie kipande cha mkono mmoja kwanza. Alicheka, akachapa. Tukatoka nacho nje mpaka barabarani kwa sababu mle ndani taa zake ni za buluu, akakishika juani, mimi nikashika simu kando yake, watu wa mkokoteni wakitupigia kelele tutoke njiani. Akaangalia kipande, akaangalia simu.

"Hii ya karatasi imeshinda," akasema. "Weka sayani kidogo tu chini kulia."

Nikarudi kejani kuiweka.